Kwetu hatulali na njaa, mbona mwanangu yumo gengeni?

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne, mkazi wa Makorora, Tanga. Mwanangu wa tatu ana miaka 16, na tangu aliposhindwa mtihani wa darasa la saba hana shughuli. Siku hizi anarudi usiku wa manane, haitiki ila kwa jina analoitwa na wenzake, na juzi nimekuta panga chini ya godoro lake. Majirani wanasema ni umaskini, lakini mtoto wa dada yangu, ambaye kwao ni dhiki kuliko kwangu, huamka alfajiri kwenda baharini na mjomba wao. Kwa nini wangu na si yule?

JIBU: Mama, umaskini umo katika jibu, hasa katika mji ambao mkonge na viwanda viliwahi kumpa kazi hata kijana asiye na cheti, kabla bei ya katani haijaporomoka na viwanda vingi kufungwa. Hata hivyo, kama umaskini peke yake ungetosha, Ngamiani nzima ingelala na mapanga, na sote tunajua kwamba sivyo.

Mtoto wa dada yako amepata kitu ambacho si fedha: yuko mtu mzima anayemngoja kila alfajiri, na asipofika chombo hupungukiwa na mkono. Mwanao, tangu matokeo yatoke, hangojwi popote isipokuwa kijiweni, na mtoto ambaye kwa miaka miwili ametajwa kuwa ni yule aliyefeli huliona jina jipya kuwa tamu.

Kijiwe nacho mara nyingi hakianzi kwa uhalifu. Mtafiti Frederic Thrasher, aliyechunguza magenge 1,313 ya Chicago, Marekani, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1927, alieleza kwamba magenge huchipuka yenyewe kutokana na makundi ya watoto wanaocheza pamoja, kisha ugomvi na wengine ndio unaoyakaza. Chicago si Tanga, lakini mwendo huo si mgeni kwetu: vijana wa barabara moja hupigwa walikokwenda kutazama mpira, hurudi kulipiza kisasi, na tangu siku hiyo hata asiyependa vita hathubutu kutembea peke yake. Huenda basi panga lile ni la woga kabla ya kuwa la wizi. Silihalalishi, na lisilale tena nyumbani kwako. Ila muulize kwanza anamwogopa nani, ndipo umuulize amefanya nini.

Wapo watakaokushauri umpeleke kituoni akatishwe kidogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka aliye chini ya miaka 18 asichanganywe na watu wazima akiwa mikononi mwa polisi, lakini hata ikifuatwa, kijana aliyelala mahabusu hupokelewa kijiweni kama shujaa. Ikiwa amekwisha kumjeruhi mtu, hilo ni jambo jingine, na usilifiche: mwende pamoja kwa ofisa ustawi wa jamii. Kama bado, zungumza na kaka yako kama chomboni kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi, na umwombe aje mwenyewe alfajiri kumgongea mlango.