Hospitali isiyo na daktari

Mkuu, umeuliza kwa nini St Cross, nyumba ya wazee huko Winchester, Uingereza, inaitwa hospitali ilhali haina daktari wala wodi. Zamani neno hilo lilihusu kukirimu na kuhifadhi watu, si tiba tu. Askofu Henry wa Blois aliianzisha miaka ya 1130 kwa ajili ya wanaume 13 maskini, na mpaka leo wazee wanaishi humo, na majoho yao meusi au ya rangi ya damu ya mzee. Mpita njia akiomba, anapewa kipande cha mkate na bia kidogo kwenye kikombe cha pembe ya mnyama. Bure kabisa!

Kuhusu ramani ya majengo: mwanzoni nyumba hizi za kuhifadhi maskini zilikuwa ukumbi mmoja mrefu, vitanda kandokando, kanisa dogo mwishoni ili hata aliyelala asikie misa. St Mary's, nyumba nyingine ya aina hii katika mji wa Chichester, bado iko hivyo: paa kubwa la karne ya 13 linaloshuka chini sana, na ndani yake vijumba vya wakazi, dohani zikitoboa paa. Baadaye faragha ikatakiwa. Ndipo St Cross, karne ya 15, ikajengewa safu ya makazi kando ya uwanja, kila mzee na vyumba vyake na meko yake. Ziangalie tu dohani zake ndefu zilivyojipanga.