Kabla hujalipia unyunyu wa bei, uvae siku nzima

Chupa yangu ya kwanza ya manukato ya bei niliinunua dukani, ndani ya kiyoyozi, baada ya kunusa karatasi iliyopuliziwa dakika mbili tu. Ilikuwa Interlude Man ya Amouage, nyumba ya manukato iliyoanzishwa Oman mwaka 1983. Nilisikia ubani na udi, nikamkumbuka bibi na chetezo chake, nikalipa. Kesho yake mchana, tumebanana kwenye daladala, mama mmoja alifungua dirisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, umejipulizia mengi." Nilikuwa nimepuliza mara tano.

Manukato yale ni mazuri na mpaka leo nayapenda. Ila ni ya usiku, ya arusini, na puliza moja inatosha. Joto la Dar huiinua harufu nzito ikawaelemea watu.

Tangu siku hiyo sinunui kwa karatasi. Harufu ya mwanzo, ile ya malimau na pilipili, huondoka ndani ya nusu saa hivi. Unacholipia hasa ni kile kinachobaki mwilini saa tatu au nne baadaye. Kwa hiyo omba upuliziwe mkononi, toka dukani, tembea juani, kula chakula chako cha mchana, nusa tena jioni. Ukiweza, nunua ya kupima, mililita 5 zinatosha wiki nzima, lakini muuzaji amimine mbele yako kutoka chupa yenyewe.

Chukua Sauvage ya Dior, iliyotoka 2015, ambayo vijana wengi wanaivaa. Ndani yake kuna ambroksani, kitu cha maabara kinachoiga ambari, kitu cha kunukia kitokacho kwa nyangumi, ile ile wazee wa pwani waliyoiokota ufukweni. Pua yako huizoea upesi ukadhani imeisha, kumbe wenzako bado wanaisikia. Usiongeze! Muulize mtu kwanza.

Kwa kazini, mimi nimetulia na Terre d'Hermès, kazi ya Jean-Claude Ellena ya mwaka 2006. Inaanza na chungwa, halafu pilipili, halafu harufu kavu kama ya jiwe lililopigwa na jua. Jasho haliiharibu. Hermès wanauza pia mikoba na skafu, na wapo wanaoidharau kwa sababu hiyo, wakiamini kwamba manukato ya nyumba zinazotengeneza manukato peke yake lazima yazidi. Nimevaa ya pande zote mbili, na nasema bei haijui hali ya hewa ya kwetu.

Ngozi kavu haishiki harufu, basi paka mafuta yasiyonukia kwanza. Na chupa usiiache kwenye gari wala bafuni. Yangu inakaa kabatini, ndani ya boksi lake, mbali na dirisha.