Barua kwa mwanangu: avansi ya arusi

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama unaweza kumwomba avansi ya picha za arusi binti wa mama yako mdogo, anayefunga ndoa huko Lubumbashi mwezi wa nane, au kama ndugu watasema umeingiwa na tamaa. Wageni wote unawaomba nusu kabla ya kazi. Huyu ni damu.

Nitafika huko. Kwanza niseme kuhusu avansi yenyewe, maana umeiandika kama kamba ya kumfungia mteja asikimbie. Mimi niliishi nayo miaka ile yote pale kwenye studio yetu ya picha, Nyawera, hapa Bukavu, na niliona inamfunga anayeipokea. Papa yako alishika kamera, meza ya mbele ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyempa mtu kioo na chanuo, nikamvalisha lile koti la studio ambalo hata wewe ulipigiwa nalo picha ya shule, vidole havionekani. Nikaandika jina daftarini, nikapokea pesa, nikataja tarehe. Ukimpa mtu tarehe, umempa neno. Wateja walirudi kwa sababu hiyo. Mtu aliyechukua picha nne za kitambulisho siku ileile aliyoahidiwa, mwezi ujao alimleta dada yake na mtoto wa komunyo.

Sasa kuna arusi moja sijakusimulia. Papa yako hakutaka isemwe akiwa hai, na mimi nilimheshimu.

Ilikuwa Agosti 1993. Unajua pesa yetu, zaire, ilivyokuwa mwaka ule: asubuhi unauliza bei ya chumvi, jioni si ile tena. Mama mmoja wa Kadutu, hapahapa mjini, alikuja Jumatatu na noti zake ndani ya kitambaa, akalipa nusu. Alichagua picha nyeusi na nyeupe kwa sababu za rangi zilikuwa ghali. Mchana uleule nilimtuma papa yako anunue filamu tatu na karatasi, kwa sababu pesa ile haikuwa ya kulaza. Hapo sikukosea.

Jumamosi alipiga filamu ya kwanza nyumbani, ya pili kanisani, ya tatu jioni kwenye sherehe. Usiku tulifunga mlango, tukazima taa zote, tukasafisha filamu gizani. Ya kwanza ilitoka vizuri, ya tatu pia. Ile ya kanisa ilitoka tupu, bila picha hata moja, ukanda mzima, unauweka mbele ya taa unaona vidole vyako ng'ambo. Ulimi wa filamu haukushika kwenye kigurudumu. Kamera ilikuwa ikihesabu moja, mbili, mpaka thelathini na sita, huku filamu imelala palepale ndani ya kopo lake. Kwenye kamera zile, kila unapovuta filamu, kitasa kidogo cha kushoto lazima kizunguke. Siku ile papa yako hakukitazama. Padri alikuwa anaharakisha, watu wanasukumana, naye alikuwa mpiga picha mzuri kuliko wote niliowajua. Haikumsaidia.

Kilichoniuma si filamu. Filamu hukataa, hata leo kadi za kamera yako hukataa. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimetaja tarehe, Alhamisi, na Alhamisi yule mama alipokuja nikamwambia umeme ulikatika, rudi wiki ijayo. Umeme kweli ulikuwa ukikatika kila siku, kwa hiyo uongo ule ulikuwa mwepisi mdomoni. Papa yako alitaka muda, alifikiri atatafuta njia. Wiki ijayo nikasema karatasi zimekwisha. Wiki ya tatu nikashindwa kumtazama usoni, nikamwambia aende nyumbani, mimi nitampandia.

Nilipanda Kadutu kwa miguu na picha za filamu mbili ndani ya bahasha, na avansi yote, noti kwa hesabu ileile. Niliona nimefanya haki kamili, hata zaidi ya haki, maana picha zilizotoka nilimpa bure. Akaketi, akahesabu noti moja moja, bila haraka. Akaziweka juu ya meza. Akaniuliza:

"Mama, hizi zinanunua nini leo?"

Hazikununua hata filamu moja. Oktoba ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, lakini sikuhitaji kuingoja ili nijue nilichokuwa nimemrudishia.

Nimebishana na swali lile miaka zaidi ya thelathini. Kuna siku najiambia: noti ni noti, si mimi niliyeivunja pesa ya nchi. Halafu najijibu kwamba ningekwenda Jumapili ile, asubuhi baada ya kuona ukanda ule, pesa yake ingekuwa bado na uzito. Wiki tatu za "rudi kesho" ndizo zilizoila. Serikali ilikuwa na makosa yake, lakini wiki zile tatu zilikuwa zangu.

Mwezi uliofuata papa yako alipanda mwenyewe na filamu moja, bila kuniambia. Gauni lilikuwa la kukodi, limesharudi kwa mwenyewe. Bibi arusi akavaa kitenge, bwana shati jeupe, wakasimama mlangoni, na mama mtu akakubali kukaa kwenye kiti mbele yao. Ni ile picha iliyo juu ya kabati. Ulikuwa ukiniuliza ni shangazi gani yule aliyekaa. Si shangazi yako.

Kwa hiyo ukipokea nusu, ya ndugu au ya mgeni, itoe kwenye mfuko wako siku ileile. Nunua kadi ya pili na diski ya kuhifadhi nakala, lipa msaidizi wako. Huko mnalipana kwa dola, haziyeyuki kama zaire, ila zitazame kabla mteja hajaondoka, maana noti yenye mpasuko mdogo tu hakuna atakayeipokea. Mwandikie kwenye simu mlichokubaliana: saa ngapi, picha ngapi, zitatoka lini. Tarehe ni neno, mwanangu, iandike. Mpe picha kumi ndani ya siku mbili, albamu inaweza kungoja. Na umwulize lile swali nililokuwa nikiwauliza wote mezani: ni nani asiyepaswa kukosekana? Watakutajia bibi mmoja mgonjwa au mjomba aliyelea. Mtafute huyo mapema, kabla hajachoka kukaa.

Likiharibika lolote, nenda asubuhi yake. Nenda wewe, usitume ujumbe.

Sasa, binti wa mama yako mdogo. Unataka ndiyo au hapana. Neno liko hapa kwenye ncha ya kalamu na linaniwasha, kwa sababu namjua mdogo wangu na najua atakavyosema, na najua pia kodi ya nyumba yako. Nikikuambia chukua, nimeingia kati ya mtoto wangu na mtoto wake. Nikikuambia usichukue, nimekupangia mshahara. Papa yako angekwambia usichukue. Mimi, baada ya Kadutu, sina hakika kwamba ukarimu wetu wa kuwapigia ndugu bure ulitusaidia sana, kwa sababu kazi ya bure tuliiweka nyuma ya zile zilizolipwa, kila mara, na ndugu ndio waliongoja. Lakini tazama, nimeshaanza kuamua. Naacha.

Mpigie wewe binti huyo wiki hii, umwambie utakachofanya, avansi au bila avansi, na tarehe. Halafu unipigie mimi, kabla mama yake hajanipigia.

Mama yako