Mtu wa tano: kwa mkimbiaji anayekwenda kusoma Big Sky

Mdogo wangu, hongera kwa barua ya skolashipu ya kwenda kukimbia na kusoma Marekani. Najua umeshaisoma mara ishirini, na pengine nyumbani mbuzi ameshachinjwa. Isome tena mara moja ukitafuta jambo ambalo waliokusaidia kujaza fomu huenda hawakulitaja: chuo hicho kiko katika konferensi gani? Nilisoma miaka minne katika chuo kimoja cha konferensi ya Big Sky, na ulipita mwaka mzima kabla sijaelewa kwamba pale muda wangu wa mbio haukuwa na uzito niliodhani. Kilichokuwa kinanilipia chakula na kitanda ni pointi za konferensi.

Konferensi ni kundi la vyuo vilivyokubaliana kushindana kila msimu, kuanzia futiboli ya Kimarekani na mpira wa vikapu hadi mbio za nyika. Kama ulikimbia mashindano ya shule za sekondari Kenya, ichukulie kama ngazi ya kaunti: baada yake kuna kanda, halafu taifa. Ila kaunti hii inatoka jangwa la Arizona hadi karibu na mpaka wa Kanada. Big Sky ilianzishwa mwaka 1963, na Montana, Montana State, Idaho State na Weber State zimo tangu siku ya kwanza. Northern Arizona, Idaho, Eastern Washington, Northern Colorado na Portland State nazo zimo. Mwaka 2026 Sacramento State inaondoka, Southern Utah na Utah Tech zinaingia, kwa hiyo usitegemee ramani ya mwaka juzi.

Hiyo ramani ichunguze kabla ya kusaini chochote. Kutoka Missoula, iliko Montana, hadi Flagstaff, iliko Northern Arizona, ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara, yaani Nairobi hadi Mombasa mara tatu. Safari nyingine ni za ndege, nyingine ni basi usiku kucha, na Jumatatu saa mbili asubuhi mwalimu wa kemia anakungoja. Nilijifunza kusomea ndani ya basi kwa taa ndogo, na kumpa kila mwalimu ratiba ya mashindano wiki ya kwanza ya muhula kabla hajaniuliza. Fanya hivyo. Ukishuka chini ya kiwango cha masomo hukimbii, hata uwe na kasi gani, na muhula wa kawaida unakutaka uwe na angalau krediti 12, yaani vipimo vya masomo uliyojiandikisha.

Mwinuko nao ni sehemu ya ramani. Flagstaff iko kama mita 2,100 juu ya bahari, sawa na Eldoret, na mtoto wa Iten akifika pale mapafu yake hayashangai. Portland iko chini kabisa. Ogden, Pocatello na Bozeman, miji ya Weber State, Idaho State na Montana State, ziko katikati. Ukikimbia mita 5,000 Flagstaff usilie kwa muda uliopata, kwa sababu kuna jedwali rasmi la kurekebisha muda wa nyanda za juu linapofika suala la kufuzu. Ni katika mji huohuo Lopez Lomong, aliyekulia miaka kumi katika kambi ya Kakuma, alivaa jezi ya Northern Arizona akatwaa ubingwa wa vyuo wa mita 1,500 mwaka 2007. Mwaka uliofuata alibeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing. Mimi jina lake lilinisaidia sana siku za theluji.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Katika mbio za nyika, timu huhesabiwa kwa nafasi. Zinajumlishwa nafasi za watu wake watano wa kwanza, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Wa sita na wa saba hawaingii kwenye jumla, lakini wakimtangulia mtu wa tano wa wapinzani wanamwongezea mzigo. Nyumbani tumezoea kumtazama anayeongoza. Kule kocha anasimama kilomita ya sita akitafuta mtu wake wa tano, na akimwona anapiga kelele kuliko alivyompigia wa kwanza. Fikiria: bingwa wako akitoka wa tatu na kuwa wa kwanza, timu imepunguza pointi mbili. Mtu wa tano akijikaza kwenye msongamano wa katikati anaweza kupita watu kumi na wawili ndani ya mita mia nne.

Northern Arizona wanalijua hili kuliko wengi. Walitwaa ubingwa wa taifa wa wanaume wa misimu ya 2016, 2017, 2018, 2020, 2021 na 2022. Ule wa 2022 walifungana na Oklahoma State kwa pointi 83 kwa 83, kwenye nyika ya Oklahoma State wenyewe, mjini Stillwater. Ikabidi wakimbiaji watano walinganishwe mmoja mmoja, wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili, na Northern Arizona wakapita. Kijana mmoja angelegea hatua tatu, kombe lingebaki Stillwater.

Mimi nililegea. Ilikuwa fainali ya konferensi, mwaka wangu wa kwanza, mwisho wa Oktoba, baridi imeuma vidole. Nilikuwa mtu wa nne wa timu yetu. Niliona wa mbele wameshanitoroka, nikajiambia mbio zimekwisha, nikaingia mita 200 za mwisho kama mtu anayerudi kutoka mazoezini. Watu watatu wakanipita. Tulipoteza nafasi ya pili kwa pointi mbili. Hakuna aliyenigombeza. Mtu wetu wa tano, kijana wa Idaho ambaye kasi yake haikufikia yangu hata siku moja, alikuwa amelala kwenye nyasi akitapika kwa jinsi alivyojitoa. Nilimfunika na koti langu, na tangu siku hiyo sikulegea tena kabla ya mstari.

Mbio za ukumbini mwishoni mwa Februari na za uwanjani mwezi Mei zina hesabu nyingine: wa kwanza anapata pointi 10, kisha 8, 6, 5, 4, 3, 2, na wa nane pointi 1. Wa tisa hapati kitu. Ndiyo maana kocha atakuomba ukimbie mita 10,000 siku moja na 5,000 siku nyingine, au akutie kwenye kuruka viunzi na maji hata kama hukuwahi. Kubali, ila mwambie ukweli kuhusu goti lako. Na usivute mbio kutoka mzunguko wa kwanza kama tulivyozoea. Fainali za konferensi huenda polepole halafu hulipuka mita 600 za mwisho. Fanya mazoezi ya mlipuko huo.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Kwa miaka mingi timu ya riadha ya wanaume ya daraja la kwanza la michezo ya vyuo Marekani iliruhusiwa skolashipu 12.6 na ya wanawake 18, kocha akizikatakata kati ya wakimbiaji, warukaji na warushaji. Mwaka 2025 kanuni zilibadilika, lakini bado uliza kwa maandishi: inalipa ada tu, au na chumba, chakula, vitabu na bima ya afya? Inapitiwa upya lini? Mbio zote ulizokimbia baada ya kidato cha nne zitaje, hata za kijijini zenye zawadi ya blanketi, kwa sababu zinaweza kuhesabiwa kwenye miaka yako. Ukiwa kule, usiguse pesa ya mbio za barabarani wala kazi nje ya chuo kabla ya kuuliza ofisi ya kanuni za michezo ya chuo na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Zote mbili.

Halafu mpigie kocha simu umuulize mtu wake wa tano alimaliza nafasi ya ngapi kwenye konferensi iliyopita. Akijibu bila kutafuta karatasi, uko kwa kocha anayejua kazi yake. Ukishajua namba hiyo, anza mazoezi ukiwa nayo kichwani.