Modi ya pesa kwenye Cities: Skylines haikufungii akaunti

Unauliza kama utafungiwa akaunti ukiwasha modi ya pesa, yaani nyongeza inayobadilisha mchezo, kwenye Cities: Skylines, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga mji. Hapana kaka, hufungiwi. Unacheza peke yako, hakuna mtu unayemwibia. Hata hiyo pesa bila kikomo imo ndani ya mchezo wenyewe tangu utoke 2015: fungua orodha ya maudhui kwenye menyu kuu, ingia upande wa modi, iwashe. Hulipi kitu. Unachopoteza ni zile tuzo za Steam, duka la michezo la mtandaoni, maana modi ikiwa imewashwa haziandikwi. Ukizitaka, anzisha mji mwingine usio na modi.

Najua kwa sababu hapa Kondele, Kisumu, tunaucheza kila jioni, na wengi huanza na pesa hiyo. Lakini haitibu kila kitu. Juzi kijana mmoja alijenga mji wa ziwani mfano wa Kisumu, akaweka pampu ya maji chini ya bomba la majitaka, mkondo unakoelekea. Hazina imejaa, watu wote wagonjwa! Foleni nayo ni vilevile, inataka barabara zilizopangwa, si noti.

Za kuogopa kidogo ni modi za kupakua, hasa zinazobadilisha magari na njia. Mchezo ukisasishwa zinaweza kugoma, na ukiiondoa modi ambayo mji unaitegemea, huenda faili la mji lisifunguke tena. Hifadhi nakala pembeni kwanza. Na usichukue modi kwenye tovuti za ovyoovyo, chukua Steam Workshop, sehemu ya modi ndani ya Steam. Virusi ndivyo vitakufungia kompyuta, si waliotengeneza mchezo.