Mtetea wako akilalia kwa mara ya kwanza

Kuku aliyeamua kulalia anajulikana usiku. Mchana wengi hukaa kiotani muda mrefu, kisha giza likiingia wanapanda kulala na wenzao. Wangu, kishingo mwekundu, yaani asiye na manyoya shingoni, niliyeletewa na mama kutoka Singida, alibaki kiotani usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nilipopeleka mkono alitutumua manyoya, akajitandaza juu ya mayai na kutoa mlio mzito kooni. Nikajua huyu amekaa kweli.

Nikafurahi, nikamwacha alalie palepale walipokuwa wanataga kuku wote. Wenzake wakaendelea kuingia kutaga mlemle, naye akayakumbatia yote. Siku ya 21 walitoka vifaranga wanne. Siku mbili baadaye akainuka nao, akawatoa nje, akayaacha mayai kumi na mawili yakiwa bado na joto. Nilivunja moja nyuma ya nyumba nikidhani ni viza. Ndani kulikuwa na kifaranga kamili, ana manyoya na kucha, alibakiza siku chache tu. Nilikaa pale kwa muda nikiwa nimemshika mkononi.

Nilimpigia mama. Baada ya salamu akaniuliza swali moja: "Mwanangu, uliyawekea alama?" Sikuwa nimeweka. Kuku hainuki kwa sababu amehesabu siku. Anainuka kwa sababu waliokwisha kutoka wana njaa, na hawezi kugawanyika kati ya walio nje na walio ndani ya ganda. Kwa hiyo mayai yote yawekwe siku moja, kila moja lichorwe duara kwa penseli, na ukikuta lisilo na duara uliondoe.

Mara ya pili nilimhamisha. Hamisha usiku, taratibu, umpeleke pembe yenye giza ambako kuku wengine hawafiki, na kwanza umpe mayai mawili ya kisasa ya dukani, yale yasiyo na mbegu. Akikaa nayo siku mbili bila kurudi kiota cha zamani, basi amekubali, na usiku unayaondoa na kumwekea ya kutotoa. Usimpe mengi. Kuku mkubwa mzoefu anaweza kulalia kumi na tatu, lakini huyu wa kwanza mpe tisa au kumi. Ukimtazama kwa ubavu hupaswi kuona yai limechungulia. Hilo linalochungulia leo linapoa, kesho analisukuma katikati na jingine linatoka nje, mwisho yanaharibika kadhaa. Chagua mayai yasiyozidi siku saba tangu kutagwa, kutoka kwa kuku wanaotembea na jogoo, yaliyokaa mahali pa baridi kiasi, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Usiyaoshe.

Kiota changu ni karai lililotoboka. Chini niliweka majivu ya jikoni yaliyopoa, juu yake udongo mkavu niliouchimba katikati kama sahani ya kina kifupi, kisha nyasi kavu. Majivu yale ni kwa ajili ya utitiri. Naomba hapa unisikilize vizuri, maana watu wengi humlaumu kuku kwamba kaacha mayai kumbe ameshindwa kuvumilia kunyonywa damu usiku kucha. Kabla hujamwekea mayai, mnyunyizie unga wa dawa kutoka duka la mifugo, ukimpaka chini ya mbawa na kuzunguka mkia. Kisha kila baada ya siku chache, usiku, ingiza mkono chini yake uache kidogo. Ukihisi vitu vinatembea hadi kwenye kiwiko, badilisha nyasi usiku uleule.

Chakula kiwe mahindi mazima na maji safi, hatua mbili tatu kutoka kiotani. Atainuka mara moja kwa siku, dakika kumi na tano au ishirini, ale, anywe, ajigaragaze mavumbini na kutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Usiogope, si ugonjwa. Asipoinuka kabisa mtoe mwenyewe, lakini kwanza pitisha vidole chini ya mbawa. Mara nyingi kuna yai limebanwa pale, ukimnyanyua haraka linaanguka juu ya mengine.

Siku ya saba usiku pima kwa tochi ya simu. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi na mishipa myembamba iliyotawanyika kama utando wa buibui. Lisilo na kitu linang'aa tupu. Kwangu lilikuwa moja kati ya tisa, nikaliondoa. Kuanzia siku ya 18 usiguse tena.

Siku ya 20 jioni niliinamisha sikio karibu yake nikasikia mlio mwembamba kutoka ndani ya ganda, na mama mtu akiujibu kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa. Hapo ndipo mikono inawasha. Ganda linatobolewa asubuhi, hadi jioni kifaranga hajatoka. Mwaka huo wa kwanza nilimsaidia mmoja kwa kumbandulia ganda. Mishipa ya damu ilikuwa bado hai kwenye ngozi ya ndani, ikachuruzika, akafa. Kazi ile inaweza kuchukua siku nzima. Aliyekwisha kutoka naye ana akiba ya kiini tumboni, anakaa zaidi ya siku moja bila kula, kwa hiyo usimtoe mama mapema eti watoto wana njaa.

Wakishatoka, wiki tatu za kwanza wafunike na tenga mchana, mwewe na nguchiro hawakawii, na mwone afisa mifugo akupe ratiba ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku kwa wingi.

Kati ya mayai manane walitoka saba. Asubuhi ya siku ya 23 mama yao aliruka ukingo wa karai, akageuka, akawaita. Wa mwisho alizunguka ndani mara mbili akilia, naye akarudi kusimama ukingoni mpaka aliporuka.