Maswali ya Ngozi: Seramu ya peptidi inafanya kazi gani hasa?

Barua za mara hii karibu zote zinauliza peptidi. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Mimi ni mfamasia, siuzi krimu ya kampuni yoyote, na ninapoona jambo lina ushahidi mdogo nitalisema hivyo hivyo.

Shikamoo mama. Nina miaka 47 na hedhi imeanza kuruka miezi. Mashavu yamelegea na mistari ya kando ya mdomo imezama kwa kasi iliyonitisha. Binti yangu amenipa seramu ya peptidi akisema inajenga kolajeni upya. Naipaka kila usiku, huu ni mwezi wa kwanza, sioni kitu. Je, nimeuziwa maji?

Marahaba, mdogo wangu. Hapana, si maji, na usiitupe. Ila nataka ujue unaidai nini.

Kolajeni ndiyo protini inayoifanya ngozi ikaze. Inapokatwakatwa na vimeng'enya vya mwili, hubaki vipande vifupi vya asidi amino (matofali yanayojenga protini) chache, na vipande vya namna hiyo ndivyo peptidi. Fundi akikuta kifusi hujua ukuta umebomoka, akachukua mwiko. Seli zinazotengeneza kolajeni, ziitwazo fibroblasti, nazo huonekana kuitikia vipande hivyo kwa kuongeza kazi. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walionyesha katika maabara kwamba kipande cha asidi amino 5 tu, kilichotoka kwenye kolajeni changa, kinazichochea fibroblasti. Baadaye kampuni ya Sederma ya Ufaransa ikakiunganisha na asidi ya mafuta na kukiuza kwa jina la Matrixyl. Kwenye kopo lako huenda kimeandikwa "Palmitoyl Pentapeptide-4".

Yale mafuta hayakuongezwa bure. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejaa mafuta na kazi yake ni kuzuia vitu visiingie, wakati peptidi nyingi hupenda maji. Wataalamu wana kanuni kwamba molekuli yenye uzito wa zaidi ya daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya ngozi nzima kwa shida sana. Kolajeni yenyewe ina daltoni zipatazo 300,000. Kwa hiyo krimu inayojisifu kwamba ina kolajeni inalainisha juu juu tu, haiongezi kolajeni yako hata kidogo. Peptidi ndogo ina nafasi, nayo si kubwa.

Sasa ushahidi. Jaribio ninaloliheshimu zaidi lilichapishwa mwaka 2005. Wanawake 93 wa miaka 35 hadi 55 walipaka krimu yenye peptidi hiyo upande mmoja wa uso, na krimu ile ile isiyo na peptidi upande wa pili, kwa wiki 12, bila kujua upande upi una nini. Upande wa peptidi ulipungua makunyanzi na mistari midogo. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilipimika. Pia ujue kwamba watafiti walitoka Procter & Gamble, kampuni inayouza vipodozi vya aina hiyo, na washiriki wote walikuwa weupe. Wenye ngozi nyeusi bado tunasubiri majaribio yetu, na hilo linaniudhi kila ninapofungua makala mpya.

Mwezi mmoja, basi, ni mapema. Piga picha ya uso leo, dirisha lile lile, saa ile ile, bila kutabasamu, kisha rudia ikitimia miezi mitatu. Usihukumu kwa kioo cha asubuhi, kwa sababu gliserini iliyomo kwenye seramu huvuta maji na kuijaza mistari kwa saa chache hata kama peptidi haijafanya lolote.

Kuhusu kasi iliyokutisha, hujakosea kuiona. Ngozi ya mwanamke inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, kwa kuwa estrojeni, homoni ya kike, imeshuka. Hakuna seramu inayoweza kushindana na hilo peke yake. Na kulegea kwa mashavu kunahusu pia mafuta yaliyo chini ya ngozi na mifupa ya uso, mahali ambapo krimu haifiki. Zungumza na daktari wako kuhusu dalili za ukomo wa hedhi kwa ujumla, usiishie kwenye uso.

Mama, nimesoma orodha ya viambato nikakuta peptidi iko karibu na mwisho, chini hata ya manukato. Si ndiyo dalili kwamba wameweka tone moja la kutangazia?

Inaweza kuwa hivyo, lakini orodha peke yake haitoshi kulithibitisha. Katika nchi nyingi viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, ila vikishuka chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga apendavyo. Na peptidi hufanya kazi kwa kiwango kidogo mno: katika lile jaribio la wanawake 93 kilitumika kiasi cha sehemu 3 kwa milioni. Ikiwa juu ya orodha ningeshangaa zaidi.

Mimi hutazama mambo mengine. Je, jina kamili la peptidi limeandikwa, au wameandika tu "peptidi" kwa herufi kubwa mbele ya kopo? Chombo ni cha pampu kisichopitisha mwanga, au ni kopo pana la kuchovya vidole? Manukato yenyewe pia yananisumbua, hasa kwa mtu ambaye ngozi yake huwasha upesi.

Habari za kazi. Mimi ni mwanaume, naendesha lori, jua machoni kila siku. Ndita za paji la uso hazitoki hata nikiwa nimetulia. Kuna peptidi wanaiita "Botox ya kupaka". Ni kweli?

Njema, kaka. Ni Acetyl Hexapeptide-8, inayojulikana zaidi kama Argireline. Iliigwa kutoka sehemu ya protini ambayo neva huitumia kutoa kemikali ya kuukaza msuli, na wazo ni kuikwaza kidogo kazi hiyo. Botox, dawa ya kulegeza msuli, huikata protini hiyo kabisa, tena huingizwa kwa sindano ndani ya msuli. Argireline inapakwa juu, ina daltoni karibu 890, na msuli uko mbali chini. Mwaka 2002 watafiti walioitengeneza waliripoti kwamba kina cha makunyanzi kilipungua hadi asilimia 30 katika siku 30, lakini watu waliojaribiwa walikuwa wachache. Jina hilo la "Botox ya kupaka" ni la tangazo, na bei yake pia.

Kwako wewe ningeanza na miwani ya jua. Unakunja ndita kwa sababu ya mwanga, saa nyingi kila siku. Paka na losheni ya kukinga jua, usisahau upande wa uso ulio karibu na dirisha: kioo cha pembeni huzuia miale ya jua inayoitwa UVB lakini mara nyingi hupitisha ile ya UVA, inayovunja kolajeni.

Nina fedha ya kitu kimoja tu: seramu ya peptidi au losheni ya jua. Ngozi yangu ni nyeusi, watu wananiambia sihitaji losheni.

Losheni ya jua, bila kusita. Huko Queensland, Australia, watu 903 wa chini ya miaka 55 walifuatiliwa miaka 4 na nusu, na waliopaka kila siku ngozi zao zilionyesha uchakavu pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka wakipenda. Hakuna peptidi yenye jaribio la ukubwa huo. Melanini, rangi ya asili ya ngozi, inakulinda, ni kweli, lakini ulinzi wake umekadiriwa kuwa sawa na SPF 13 tu (SPF ni kipimo cha kinga ya jua kinachoandikwa kwenye losheni). Kwetu weusi uzee wa jua mara nyingi hutangulia kwa madoa na rangi isiyolingana kabla ya makunyanzi. Chagua isiyoacha weupe usoni, vinginevyo utaiacha kabatini.

Natumia tretinoini niliyoandikiwa na daktari, na nimegundua nina mimba. Nihamie peptidi?

Acha tretinoini leo, usingoje barua nyingine, na umwambie daktari wako na mkunga. Retinoidi zote za kupaka, yaani jamii ya vitamini A iliyo na tretinoini yako pamoja na retinoli ya dukani, huwekwa kando wakati wa ujauzito kwa tahadhari. Hongera sana, mwanangu. Peptidi za kawaida za vipodozi hazimo katika kundi hilo, lakini mwonyeshe mkunga kopo zima, maana seramu nyingi huchanganya peptidi na retinoli ndani ya chupa moja. Tafuta kwenye orodha maneno yanayoanza na "retin".